Clement Gillman: mhandisi wa reli aliyechunguza vichaka vya Umakonde

Ifikapo Septemba, simu zinazoingia kwenye kipindi chetu cha kilimo na mifugo hubadilika. Mei na Juni wasikilizaji huuliza bei ya ufuta na mbaazi. Septemba wanapiga kueleza kwamba moto umeingia kwenye mikorosho ya jirani, kwamba ng'ombe wamepita shamba la mihogo usiku, kwamba chemchemi ya bondeni imepungua kabla ya wakati wake. Kwa anayepiga simu, hayo ni mambo matatu tofauti. Kwa mtu tunayemweleza leo yangekuwa jambo moja, nalo ni hili: ardhi imevuliwa nguo.

Jina lake ni Clement Gillman. Vijana waliopata kazi ya kubeba mizigo au kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro wanalijua jina hilo vizuri, kwa sababu mahali mpandaji anapofika ukingo wa kwanza wa kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,600 juu ya bahari, panaitwa Gillman's Point. Alifika huko mwaka 1921. Wengi huishia hapo, kwenye mlima. Sisi wa kusini tuna sababu nyingine ya kumkumbuka, ambayo haiandikwi kwenye kibao chochote: alichunguza uwanda wa Makonde na bonde la Ruvuma, akaandika juu ya maji yetu na vichaka vyetu wakati ambapo wakubwa wengi serikalini waliuona mkoa huu kama pori la mwisho wa dunia.

Alizaliwa mwaka 1882, baba Mwingereza na mama Mjerumani, na huko Ulaya akasomea uhandisi. Mwaka 1905, akiwa na miaka 22, alikuja Afrika Mashariki ya Wajerumani kwenye kazi ya reli ya kati. Tuukumbuke mwaka huo. Ndio mwaka Vita vya Maji Maji vilipoanza kule Umatumbi na kusambaa hadi Lindi na Masasi. Wakati wazee wetu wanapigana na kufa kwa njaa iliyofuata vita, huku Dar es Salaam reli ilikuwa inaanza kutandikwa kuelekea bara. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Vita Kuu ikaja, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakachukua nchi. Gillman akabaki na reli ileile chini ya bendera nyingine, na baadaye akawa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika.

Kazi ya reli ndiyo iliyomfundisha kuangalia ardhi. Ukijenga daraja dogo au kalvati lazima ukadirie maji yatakayopita chini yake mvua kubwa ikinyesha. Ukikosea, reli inaning'inia hewani. Anayesafiri kwa treni ya kati anakijua kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako mafuriko yamesumbua reli tangu zamani hadi miaka yetu hii. Maji yale hayatoki mtoni tu. Yanatoka milimani na kwenye miteremko ya Mpwapwa na Ugogo, mahali ambapo majani yameliwa na miti imekatwa, na tone la mvua halina kitu cha kulipokea.

Hapohapo Mpwapwa, kuanzia mwaka 1933, mtaalamu wa malisho aitwaye Staples alifanya jaribio ambalo tungependa kila msikilizaji alijue. Alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mmoja. Kimoja kiliachwa kitupu, kingine kikalimwa nafaka, kingine kikaachwa na nyasi, na kingine kikaachwa kichaka kisichochungiwa. Kisha akapima maji na udongo uliokimbia kila mvua ilipokuja. Kwenye ardhi tupu, nusu ya maji ya mvua yalikimbia, na yakaondoka na udongo unaofikia tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Hekta ni kama ekari mbili na nusu. Gari la mchanga la tani saba lingelazimika kwenda safari ishirini na moja kuuhamisha udongo huo. Shamba la nafaka lilipoteza karibu robo ya maji na tani 78. Penye nyasi, chini ya sehemu mbili kati ya mia za maji ndizo zilizokimbia, na kichakani hata nusu ya sehemu moja haikufika. Udongo uliopotea huko haukuwa wa kupimika.

Mvua ilikuwa moja na mteremko ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa juu ya udongo.

Turudi kwa Gillman. Miaka yote ya reli alikuwa akitembea. Alitumwa kupima njia za reli ambazo nyingine hazikujengwa kamwe, mojawapo ile ya kufungua kusini-magharibi mwa nchi, ambayo ripoti yake ilitoka 1929. Kila alikopita aliandika shajara, na shajara hizo zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika, akionyesha wanaishi wapi na wapi hawaishi. Ilionekana kwamba karibu theluthi mbili ya watu walikuwa wamejibana kwenye sehemu moja ya kumi ya nchi. Wanasiasa wa wakati ule walipenda kusema kuna ardhi tele isiyo na wenyewe. Ramani ya Gillman iliwaambia sababu ya pengo hilo: watu wapo penye maji, na penye mbung'o au pasipo maji hawapo.

Hapa lazima tuseme ukweli wetu. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na ramani ya watu humfaa pia mkusanya kodi. Aliandika kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mkulima wa Nanyamba au Mahuta asingeyaona maishani. Waliomwonyesha njia, waliombebea mizigo na kumweleza majina ya miti walijua mengi kuliko yaliyoingia kwenye maandishi yake. Hatumfanyi mtakatifu. Lakini alipoona jambo kwa macho yake aliliandika, hata kama halikuwapendeza wakubwa wake, na hilo kwa mtumishi wa serikali si jambo dogo.

Alipostaafu reli alipewa kazi ya mshauri wa maji wa serikali, kuanzia 1938 hadi 1940. Ni kazi hii iliyomleta kwetu. Aliandika juu ya jiografia na maji ya bonde la Ruvuma upande wa Tanganyika, na mwaka 1945 akachapisha makala kuhusu kilimo cha kupumzisha vichaka kwenye uwanda wa Makonde. Ilitoka kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records.

Uwanda wa Makonde ni fumbo kwa mgeni. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, uko zaidi ya mita 700 juu, na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Mvua inanyesha vizuri kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Lakini juu ya uwanda hakuna mto wala kijito, na kwa miaka mingi hapakuwa na kisima. Udongo wa kichanga unameza maji yote, yanazama chini sana, na kutokea kwenye chemchemi za ukingoni na mabondeni. Akina mama waliteremka na kupanda na vyungu kichwani, safari ya saa kadhaa, kwa ajili ya maji ya siku moja. Pamoja na hayo, watu walijaa juu na si bondeni.

Sababu ya kwanza wazee wetu wanaijua. Karne ya 19 bonde lilikuwa njia ya misafara ya watumwa iliyoshuka Mikindani, Lindi na Kilwa, na njia ya mashambulizi ya Wangoni. Kichaka cha Umakonde kilikuwa boma. David Livingstone alipoondoka Mikindani mwaka 1866 na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo na punda, ilibidi akodi Wamakonde wenye mashoka wamfungulie njia, maana ngamia hakupenya. Wanyama wale alikuwa anawajaribu kama watastahimili mbung'o. Karibu wote walikufa safarini.

Sababu ya pili ndiyo iliyomshughulisha Gillman: kichaka hicho ndicho kilicholisha watu. Wenye umri mkubwa watatusahihisha tukikosea utaratibu. Mkulima alikata kichaka wakati wa kiangazi, akaacha visiki na mizizi ardhini, akachoma matawi yaliyokauka, akapanda nafaka, mihogo, kunde na mbaazi kwa misimu miwili au mitatu. Rutuba ikipungua alihama, na shamba likaachwa liwe mashokora. Visiki vilichipua. Baada ya miaka mingi kichaka kilikuwa kimefunga tena, majani yameoza chini, na mkulima au mwanawe akarudi.

Maofisa wengi wa kilimo wa zama hizo waliuona mtindo huu kuwa uharibifu, wakataka matuta na mipaka iliyonyooka. Gillman aliuandikia makala nzima kama mfumo wa kilimo unaostahili kuchunguzwa. Na ukiuangalia vizuri unaona kwamba ardhi haikuwahi kukaa tupu kwa muda mrefu. Jembe lilikuwa dogo, mizizi ilibaki, na kila shamba lilizungukwa na kichaka. Mvua haikupata uwanja wa kukimbilia.

Mfumo huo una sharti moja tu, nalo ni muda. Watu wakiongezeka, mapumziko yanafupishwa, kutoka miaka mingi hadi michache, na hapo ndipo mambo huharibika kwa mpangilio ambao tungependa uufuatilie pole pole. Kichaka kilichofunga hakishiki moto kirahisi, kwa sababu kivuli chake hakiruhusu nyasi kuota, na bila nyasi kavu moto hauna cha kutembelea. Kikikatwa mara kwa mara kabla hakijafunga, mwanga unaingia na nyasi zinaota. Kiangazi nyasi zinakauka, moto unapita. Moto unaua machipukizi ya miti, lakini nyasi zinachipua tena kwa sababu uhai wao uko ardhini. Mwaka wa pili nyasi ni nyingi zaidi na moto ni mkubwa zaidi. Miaka kumi baadaye mahali palipokuwa kichaka pamekuwa uwanda wa nyasi na miti michache iliyoungua. Nyasi zenyewe si adui, tumeona Mpwapwa zinavyoshika udongo. Tatizo ni nyasi inayochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu mvua ya kwanza ya Novemba inaikuta ardhi ni majivu.

Kwa wenzetu wa Masasi na Nanyumbu, ambako ni miombo na si kichaka cha Umakonde, nyasi ziko chini ya miti siku zote, hivyo moto ni mgeni wa kila mwaka. Huko tofauti kubwa ni mwezi. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hutembea chini, huacha viraka, na kwa kawaida miti hupona. Moto wa Septemba na Oktoba huchoma hadi gome na kuua miche. Hili si dhana. Kule Shinyanga, katika miaka ya 1920 na 1930, Charles Swynnerton aliyeongoza utafiti wa mbung'o aliutumia moto wa mwisho wa kiangazi kama silaha: alizuia watu kuchoma mapema, nyasi zikarundikana, kisha zikawashwa zikiwa zimekauka kabisa ili ziteketeze vichaka anamojificha mbung'o. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Anayewinda panya au anayetafuta njia fupi leo, akiwasha kiberiti mwezi wa Oktoba, anafanya kazi ileile ya kuua msitu bila kuitaka.

Enzi za Gillman ng'ombe walikuwa wachache mno kusini kwa sababu ya mbung'o. Ardhi yetu ilizoea jembe na moto, haikuzoea kwato. Hilo limebadilika. Tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na kuelekezwa mikoa mingine, hasa Lindi, mifugo imeendelea kushuka kusini hadi Ruvuma. Kwenye kipindi chetu tumesikia mengi ya uchungu kutoka pande zote mbili, ya mihogo iliyoliwa na mabibo yaliyomalizwa chini ya mikorosho, na ya ng'ombe waliokatwa mapanga. Ugomvi wa shamba na zizi una mahakama na mabaraza yake. Hapa tunazungumzia ardhi tu.

Ardhi inayochungwa huonyesha dalili kabla haijafa. Inama uangalie shina la nyasi: kama limesimama juu ya kitako cha udongo na mizizi inaonekana, ujue udongo wa pembeni umeshaondoka na maji. Kama juu ya ardhi pana ukoko mgumu unaovunjika kama kaukau, mvua ijayo haitazama. Kama njia za ng'ombe kwenda mtoni zimegeuka mifereji, korongo liko njiani. Dawa yake si ngeni kwa wafugaji wenyewe. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa mvua inapoanza ili nyasi zikue, zichanue na kudondosha mbegu, kisha kufunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulirudisha ngitili nyingi kwenye nchi iliyokuwa imekauka kama kiganja. Wamaasai nao wana alalili. Wazee wa kijiji wanapokaa na wafugaji kugawa maeneo, tunadhani swali la kwanza lisiwe ng'ombe wangapi, bali ni eneo lipi litafungwa na kwa miezi gani. Na ng'ombe ahamishwe nyasi ikiwa bado imebaki kama nusu ya kimo chake. Akingoja hadi abaki anaramba udongo, nyasi hiyo itachukua msimu mzima kurudi, na huenda isirudi.

Kwa mwenye mikorosho, tunajua kwamba ardhi chini ya mti husafishwa ili korosho zionekane zikidondoka. Si lazima shamba zima liwe jeupe. Safisha chini ya mwavuli wa mti, kati ya mistari acha majani yaliyofyekwa yalale, au panda kunde na mbaazi. Takataka usizichome, zisambaze. Barabara ya moto kuzunguka shamba ilimwe mapema, Juni hivi, kabla upepo haujakauka. Wapo watakaosema majani huficha nyoka. Ni kweli huficha, na ndiyo maana tunasema yafyekwe, hatujasema yaachwe yafike kiunoni.

Gillman alifariki mwaka 1946. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kusini Nachingwea. Matrekta na minyororo viling'oa miti na vichaka pamoja na mizizi yake, ekari kwa maelfu, ardhi ikaachwa wazi. Kongwa, jua lilipoipiga, udongo ukawa mgumu kama sakafu hata karanga zisivunike. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kutoka hapa hadi Nachingwea. Bandari tunayo mpaka leo, na korosho zetu hupita hapo. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Mhandisi wa reli aliyekuwa ameshaeleza nchi hii ilivyo hakuiona hata siku moja.

Ramani yake ya uoto wa Tanganyika, iliyotenganisha misitu, miombo, vichaka na mbuga za nyasi, ilichapishwa mwaka 1949 yeye akiwa kaburini. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la maji la Umakonde, na maji ya mabondeni yakaanza kusukumwa kwa pampu hadi juu uwandani, kina mama wakapumzika kidogo na ile safari ya mteremko. Pampu huchota chini ya uwanda ule ule ambao mvua yake huzama kupitia mashokora na mashamba yetu. Kinachokimbia juu badala ya kuzama hushuka na makorongo hadi Ruvuma, na rangi yake wavuvi wa Msimbati huiona Machi na Aprili, mto unapomwaga maji mekundu kwenye mikoko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Msikilizaji mwenye mzee anayekumbuka mashokora ya kijiji chake yalipumzishwa miaka mingapi zamani, atutumie ujumbe mfupi na jina la kijiji. Tutayasoma hewani kabla watu hawajaanza kufyeka.